Sura ya Sita: Breki na Springi za Mbele ni Kazi Moja

Land Cruiser ya zamani ikifikishwa gereji Kahama, Geita au Shinyanga mjini ili ifufuliwe, fedha ya kwanza huenda kwenye injini. Mwenye uwezo huongeza turbo. Kisha gari linainuliwa, linavishwa matairi makubwa, linafungwa ngao ya chuma na winchi mbele, keria juu na mkonga ubavuni. Breki hufikiriwa mwisho, mara nyingi siku ile pedali inapoanza kuzama. Mpangilio huo umepinduka. Shilingi ya kwanza ya anayefufua gari la zamani katika ukanda huu iende kwenye magurudumu ya mbele, na iende kwenye breki na springi kwa mpigo mmoja, kwa sababu vitu hivyo viwili, ambavyo gereji nyingi huvitoza kama kazi mbili na kuvifanya kwa nyakati mbili, ni kazi moja. Anayegusa kimoja na kuacha cha pili amebadilisha vyote viwili bila kujua.

Magari yenyewe tunayajua. Tangu John Williamson alipopata almasi Mwadui mwaka 1940, hadi mgodi wa Geita ulipoanza kuzalisha mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, huku kumehitajika gari linalopita udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua na changarawe wakati wa kiangazi, likiwa limebeba watu, mafuta, pampu na mawe. Kwanza lilikuwa Land Rover, hasa 109 yenye springi za majani na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Baadaye ikaja Land Cruiser ya mfululizo wa 40, nayo ikiwa na dramu mbele mpaka katikati ya miaka ya 1970, na hata hapo diski hazikufika kwenye kila soko kwa wakati mmoja. Land Rover 110 ilitoka mwaka 1983 ikiwa na diski mbele na springi za koili. Mfululizo wa 70 wa Toyota ulitoka mwaka 1984 na ukaendelea na springi za majani mbele mpaka mwaka 1999, koili zilipochukua nafasi. Kwa hiyo anayesema ana gari la zamani inabidi aulizwe la mwaka gani, kwa maana kati ya 109 na Land Cruiser yenye mkonga ya miaka ya 2000 kuna tofauti kubwa sana ya namna gari linavyosimama, ingawa yote mawili yanaweza kuegeshwa chini ya mwembe mmoja na kupewa heshima ileile.

Makosa ya kuongeza nguvu kabla ya breki hatukuyaanzisha sisi. Pontiac GTO ya mwaka 1964, gari linalotajwa sana katika historia ya magari ya Marekani yenye injini kubwa kuliko busara, iliuzwa ikiwa na nguvu za farasi 325 na breki za dramu magurudumu yote. Diski za mbele hazikupatikana, hata kwa mteja aliyekuwa tayari kulipa zaidi, mpaka matoleo ya mwaka 1967. Wakati huo Ulaya ilikuwa imeshapata jibu: Jaguar ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953 ikiwa na diski za Dunlop, na mwaka 1955 Citroën ikatoa DS, gari la familia lenye diski mbele. Viwanda vya Marekani vilijua, ila nguvu za injini ziliuza magari kuliko umbali wa kusimama. Leo mtu anayekarabati GTO au Camaro ya miaka ile kwa ajili ya kuendesha, si ya kuangalia, hubadilisha breki za mbele, springi na shokapu mapema kabisa. Walijifunza kwa gharama, na hakuna sababu ya Kahama kulipa ada hiyo tena.

Tuanze na joto, kwa sababu breki ni kifaa cha kugeuza mwendo kuwa joto, na mengine yote yanafuata hapo. Chukulia gari la kilo 2,800, uzito wa kawaida kabisa wa Land Cruiser ndefu yenye abiria na mzigo kiasi. Likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nishati iliyomo ndani yake ni karibu kilojuli 690. Ongeza mwendo hadi 100, yaani robo tu zaidi, nishati inapanda hadi kilojuli 1,080, ongezeko la zaidi ya nusu ya ile ya mwanzo. Nguvu mpya ya injini inatumika hapo: si kwenye kupanda mlima, bali kwenye mshale wa spidi ambao sasa unafika kwa urahisi pale ambapo zamani ulifika kwa shida. Chukulia tena kwamba kila diski ya mbele ina kilo 10 za chuma na kwamba magurudumu ya mbele yanabeba asilimia 70 ya kazi. Kusimama mara moja kutoka 80 kunapandisha joto la diski hizo kwa zaidi ya nyuzi 50. Mara moja si tatizo. Tatizo ni mteremko, ambako breki hazipewi muda wa kupoa. Anayerudi kutoka Dar es Salaam na mzigo wa spea hupita Singida na kushuka Sekenke kuingia bonde la Wembere kabla ya kufika Igunga na Nzega. Kila mita 100 anazoshuka kwenda chini, kama anashikilia mwendo kwa breki peke yake, zinaingiza kwenye breki joto sawa na kusimama mara nne kutoka kilomita 80. Mteremko hauangalii kama gari limepakwa rangi mpya.

Dramu na diski zinapokea joto hilo kwa namna tofauti kabisa. Dramu ikipata moto hutanuka, na kutanuka kwake ni kwenda nje, mbali na lainingi zinazoisukuma kutoka ndani. Kwa hiyo kadiri inavyochemka ndivyo pedali inavyohitaji kukanyagwa zaidi, huku lainingi zenyewe zikipoteza mshiko. Joto limefungiwa ndani, na gesi inayotoka kwenye lainingi iliyoungua haina pa kwenda. Diski ikipata moto hunenepa kuelekea kwenye pedi, na sehemu yake kubwa iko wazi kwenye upepo. Kuna pia maji. Gari lililopita kwenye mto au dimbwi likiwa na dramu hutoka upande wa pili likiwa na breki zilizolowa, na mbaya zaidi, gurudumu la kushoto na la kulia hayakauki kwa kasi ileile, kwa hiyo dereva akikanyaga gari linavutwa upande mmoja. Diski huyafuta maji yake kwa mizunguko michache. Katika ukanda ambao mito mingi ni ya msimu na barabara nyingi za vijijini hupita ndani yake badala ya juu yake, hiyo si hoja ndogo.

Sasa springi. Gari linapofunga breki uzito wake huhamia mbele, na kiasi kinachohama kinategemea mambo matatu: breki zimefungwa kwa nguvu gani, uzito wa gari unakaa juu kiasi gani kutoka ardhini, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yako mbali kiasi gani. Land Cruiser 78, mojawapo ya mfululizo wa 70, yenye mita 2.98 kati ya ekseli na ekseli, ikiwa na kilo zilezile 2,800 na uzito wake ukikaa sentimita 80 juu ya ardhi, ikisimama kwa nguvu, inahamisha zaidi ya kilo 500 kutoka nyuma kwenda mbele. Kama mwanzoni ilibeba nusu kwa nusu, sasa mbele kuna zaidi ya kilo 1,900 na nyuma hazifiki 900. Inua gari na pakia keria mpaka kiini cha uzito kipande sentimita 10, na kilo nyingine 60 na kitu zinahama. Funga ngao ya chuma na winchi mbele ya ekseli, na umeongeza uzito palepale ambapo ulikuwa tayari umezidi. Hizo kilo zote lazima zipokewe na springi za mbele, zitulizwe na shokapu za mbele, zikandamizwe kwenye matairi mawili ya mbele, na hayo matairi mawili ndiyo yanayosimamisha gari na kuligeuza kwa wakati uleule. Ndiyo maana breki nzuri juu ya shokapu iliyokufa ni breki nusu. Gari linazamisha pua, linarudi juu, linazama tena, na katika kila mrudio kuna nukta ambapo tairi haijakandamizwa vya kutosha. Hapo hufunga na kuteleza. Kwenye changarawe yenye makunyanzi, kama ile inayotoka lami kuelekea machimbo mengi ya wachimbaji wadogo, tairi yenye shokapu mbovu inaruka kutoka kunyanzi hadi kunyanzi, na tairi iliyo hewani haifungi breki hata ukiipa diski ya gari la mashindano.

Lipo jambo moja ambalo linathibitisha dai la sura hii kuliko hesabu zote, nalo liko chini ya gari ambako mwenye gari haangalii. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 zina vali ya kupima mzigo. Imefungwa kwenye chasisi, na mkono wake wa chuma umeunganishwa na ekseli ya nyuma. Gari likipakiwa, chasisi hushuka karibu na ekseli, mkono unasukumwa, vali inafunguka zaidi na breki za nyuma zinapewa presha zaidi, kwa kuwa matairi yana uzito wa kuitumia. Gari likiwa tupu, chasisi hukaa juu, na vali hupunguza presha ya nyuma ili magurudumu yasifunge na mkia kuchapa pembeni. Toyota waliifunga kwa sababu walijua kwamba kimo cha springi na nguvu ya breki ni habari moja. Sasa fundi anaweka springi ndefu za nyuma, gari linapanda sentimita 5, na hagusi vali. Kuanzia siku hiyo vali inasoma kwamba gari ni tupu hata likiwa limebeba tani moja ya mawe ya dhahabu kutoka Nyarugusu. Breki za nyuma zinanyimwa presha, za mbele zinabeba karibu kazi yote, zinachemka mapema, pedi zinaisha haraka, na mwenye gari anarudi gereji kulalamika kwamba pedi alizouziwa ni feki. Huenda ni feki kweli, maana soko letu lina nyingi. Ila hata angefunga za kiwandani zingekufa vilevile. Wapo wanaotibu tatizo kwa kuufunga mkono wa vali kwa waya juu kabisa, na hapo wamehamishia hatari kwenye safari ya kurudi: gari tupu, lami iliyolowa, breki za nyuma zenye presha kamili, mkia unaotaka kutangulia. Dawa ni kipande cha chuma kinachounyanyua mkono wa vali kwa kimo kilekile gari lilichoinuliwa, kisha kupima. Ni kazi ndogo isiyohitaji spea ya ng'ambo, na haifanywi kwa sababu aliyeinua gari anajiona fundi wa springi na breki anaziona za mwingine.

Mbele nako kuna deni la aina hiyo. Ekseli ya mbele yenye koili hushikwa na mikono mirefu inayorudi nyuma kwenye chasisi. Ukiinua gari, mikono inainama, ekseli inazunguka kidogo, na mhimili ambao gurudumu hugeukia unapoteza mlalo wake wa kurudi nyuma. Mlalo huo ndio unaofanya usukani urudi wenyewe katikati na gari lishike mstari. Ukipungua, gari linatangatanga kwenye lami iliyonyooka, na dereva akifunga breki kwa nguvu linachagua upande. Bushi maalumu zenye tundu lililohama zinarudisha mlalo huo, na kwa springi za majani ni kabari nyembamba chini ya springi. Springi za majani zina ugonjwa wao mwingine: zinashika ekseli peke yake, bila mkono wa kuisaidia, kwa hiyo breki zikifungwa, ekseli hujaribu kujizungusha pamoja na gurudumu na kuipinda springi kama herufi S. Breki dhaifu za dramu hazikuweza kuipinda sana. Weka diski kali juu ya springi iliyochoka yenye majani yaliyopasuka na bushi zilizokwisha, na utaona usukani unacheza mkononi kila unapokanyaga. Fundi atasema diski imepinda. Mara nyingi springi ndiyo inayopinda.

Je, kazi yenyewe ifanyweje? Kwa Land Cruiser ya mfululizo wa 40 yenye dramu mbele, njia iliyozoeleka duniani ni kutumia ndugu zake wa Toyota: naki, diski na kalipa kutoka kwa 40 za baadaye au mfululizo wa 60 uliotoka mwaka 1980. Sababu ya kupendelea ndugu wa karibu si ubahili. Pedi zitaisha, na zitaisha Masumbwe au Kakola, si Dar es Salaam. Breki nzuri ni ile ambayo pedi zake zinapatikana katika duka la spea la mji ulio karibu. Kwa 109 wengi hutamani ekseli nzima ya 110, lakini ekseli hiyo imetengenezwa kwa koili na ni pana zaidi, kwa hiyo inalazimu kuchomea vikalio vipya vya springi, na uchomeleaji wa ekseli si kazi ya kila mwenye mashine ya kuchomelea. Ni salama zaidi kubaki na ekseli ya zamani na kufunga vishikio vya kalipa vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Lakini kabla ya yote hayo beringi za habu na pini za naki zikaguliwe. Diski haivumilii gurudumu linalocheza: kila linapocheza huzisukuma pedi nyuma ndani ya kalipa, na safari inayofuata ya pedali inaanzia mbali.

Kisha ifuate masta silinda, ambako ubadilishaji mwingi wa dramu kuwa diski huharibika. Kalipa ina pistoni kubwa kuliko wili silinda ya dramu, na inahitaji mafuta mengi zaidi ili isogee. Masta silinda ya zamani inaweza isiyatoe, pedali ikagusa chini kabla gari halijashika. Zaidi ya hapo, masta silinda nyingi za dramu zina vali ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye paipu hata mguu ukiwa umetoka, ili lainingi zikae karibu na dramu. Presha hiyo kwenye diski inafanya pedi zisugue safari nzima. Mwenye gari anaona gari limekuwa zito, linakula mafuta, rimu za mbele zina moto usioshikika, na analaumu injini. Masta silinda iendane na kalipa, vali hiyo iondolewe kwa upande wa diski, na busta iwepo, kwa kuwa diski haina ule ujanja wa dramu wa kujikaza yenyewe pale gurudumu linapoivuta lainingi ya mbele. Tena iwe ya mifumo miwili. Magari mengi ya miaka ya 1960 yana mfumo mmoja wa mafuta kwa magurudumu yote manne, kiasi kwamba paipu moja ya mpira ikipasuka gari zima halina breki. Kuongeza nguvu ya breki na kuacha udhaifu huo ni kujidanganya.

Mafuta ya breki yanastahili sentensi zake. Hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya kiwango chake kinadai yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango kinaruhusu yachemke kwenye 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inazama bila kitu. Hakuna diski, kalipa wala jina la kampuni linaloshinda mafuta ya miaka mitano.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wenye uzoefu, nalo ni la kweli kwa sehemu: vumbi na tope la mbuga vinaila diski, wakati dramu imefunikwa. Ni kweli pedi huisha haraka kuliko lainingi katika mazingira yetu, na ni kweli kokoto inaweza kuingia kati ya diski na bati la kinga na kupiga kelele inayomtisha abiria. Lakini dramu haijafungwa kama inavyosemwa. Tope linaloingia ndani halitoki, na linasaga lainingi bila mtu kuona. Pedi iliyokwisha inaonekana kwa kuchungulia kwenye rimu, ilhali lainingi iliyokwisha inaonekana baada ya kufungua gurudumu na dramu, kazi ambayo hakuna anayeifanya bila sababu. Katika nchi ambako ukaguzi hufanywa pale gari linapogoma, kifaa kinachokaguliwa kwa jicho kina thamani kuliko kile kinachodumu kwa siri. Kwa nyuma, kwa upande mwingine, dramu zibaki. Kazi yao ni ndogo, zinavumilia, na kuzibadilisha kunagharimu bila kupunguza umbali wa kusimama kwa kiasi cha kuonekana.

Pingamizi la pili lina historia nyuma yake. Bert Shankland, aliyeishi Dar es Salaam, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 pamoja na Chris Rothwell kwa Peugeot 404, gari lililokuwa bado na breki za dramu, tena kwenye barabara mbaya kuliko za leo. Kama dramu zilishinda Safari, kwa nini zisitoshe kwenda Geita? Jibu liko kwenye mizani. 404 lilikuwa na takriban kilo 1,100, na hata likiwa na vifaa na watu wawili halikukaribia uzito wa Land Cruiser iliyosheheni. Nishati hufuata uzito moja kwa moja. Kuna jambo jingine katika ushindi ule ambalo linaunga mkono sura hii badala ya kuipinga: magari ya Peugeot, 404 na baadaye 504 lililoshinda mwaka 1975 na 1978, yalisifiwa barabarani kwetu kwa springi laini zenye safari ndefu na shokapu zilizoshika tairi chini. Tairi lililo chini linaweza kusimama. 504 ilipokuja mwaka 1968 ikaongeza diski juu ya msingi huo, na ndiyo maana iliheshimiwa kama teksi ya masafa marefu katika nusu ya Afrika.

Wapo wanaosema dereva mzuri hutumia gia. Atumie. Sekenke inashukwa kwa gia ileile ambayo ingehitajika kuipanda, na kila joto linalobebwa na injini ni joto ambalo diski haikulipata. Lakini gia haimsimamishi ng'ombe anayeruka barabarani karibu na Tinde, wala bodaboda anayetokea kichochoroni Katoro bila kuangalia. Kwa mwendo wa kilomita 80 dereva anapita mita 22 katika sekunde moja anayoitumia kuona na kuamua. Baada ya hapo, gari linalopunguza mwendo kwa asilimia 70 ya nguvu ya uvutano linahitaji mita 36, na linaloweza asilimia 50 tu linahitaji mita 50. Tofauti ya mita 14 inatosha kuvuka barabara nzima na mabega yake. Tena gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma peke yake, likizuiwa na injini, linazuiwa nyuma, kule ambako uzito umeondoka.

Pingamizi la kitaalamu zaidi linasema: kama breki za sasa zinaweza tayari kufunga matairi, breki kubwa zaidi hazitapunguza umbali, kwa kuwa mwisho wa yote ni mshiko wa tairi. Hoja hii ni sahihi, na anayeuza diski kubwa kwa ahadi ya kusimama ghafla hasemi kweli. Kwa mara moja, na breki zikiwa baridi, 109 yenye dramu zilizorekebishwa vizuri inaweza kufunga magurudumu. Faida ya diski ni mara ya tano mfululizo, chini ya mteremko, na ni uwezo wa dereva wa kugusa ukingo wa kuteleza bila kuuvuka, hasa katika magari haya ambayo hayana mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge. Hoja hiyohiyo inageuka dhidi ya matairi makubwa. Ukitoka tairi ya inchi 31 kwenda 33, breki zilezile zinapoteza asilimia 6 ya nguvu zake barabarani, na ukienda 35, asilimia 11, kwa kuwa tairi limepata mkono mrefu zaidi wa kushindana na diski. Anayeinua gari ili matairi ya 35 yaingie amepunguza breki mara mbili, kwa kimo na kwa tairi, kabla hajakanyaga pedali hata mara moja.

Kuhusu wanaotaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, nawaheshimu. Gari la kuhifadhiwa lihifadhiwe, liende polepole, lisibebe watu wengi. Lakini 109 inayobeba abiria kila wiki si kumbukumbu. Na kuhusu gharama, mpangilio wa kazi unaweza kufuata mfuko bila kuvunja kanuni: mafuta mapya ya breki, paipu za mpira, beringi na bushi kwanza, kwa kuwa ni vya bei nafuu na vinaonekana mara moja, kisha shokapu nne za ubora unaojulikana, kisha diski, kalipa, masta silinda na busta kwa pamoja, bila kukata vipande, kisha springi, zisizozidi sentimita 5 za ziada, pamoja na bushi za kurekebisha mlalo na kipande cha vali ya mzigo siku hiyohiyo. Turbo isubiri.

Kazi ikikamilika gari lisikabidhiwe kwa kuzungushwa mtaani. Pedi mpya na diski mpya zinahitaji kuzoeana kwa breki nyingi za wastani, kila moja ikifuatwa na muda wa kupoa, kabla ya breki moja kali. Baada ya hapo lijaribiwe kwenye barabara pana isiyo na watu, likiwa tupu na kisha likiwa na mzigo wake halisi, magunia yakiwa yamepakiwa kama yanavyopakiwa siku ya kazi na keria ikiwa imejaa. Likiwa tupu, magurudumu ya mbele yateleze kabla ya yale ya nyuma. Likiwa na mzigo, lisivute upande, na rimu nne zipimwe moto baada ya kusimama mara kadhaa mfululizo. Rimu za mbele zikiwa zinaunguza na za nyuma zikiwa baridi kabisa, fundi arudi chini ya gari na kuanza na vali ile.